Vitamini Hupotelea Wapi? Mhadhara Kuhusu Vyanzo vya Upungufu Katika Mwili Ulioshiba



Nimeombwa nizungumzie vyanzo vya upungufu wa vitamini mwilini. Wengi wetu tunalo jibu tayari, nalo ni fupi: mtu hupungukiwa vitamini kwa sababu hali vizuri. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limetudhuru. Limemfanya mama wa mtoto mgonjwa aonekane mzembe hata pale alipofanya yote aliyoweza. Limemfanya mzee anayekula nyama kila siku aambiwe kwamba haiwezekani apungukiwe damu. Na limewafanya wenye fedha wakimbilie vidonge vya dukani bila kujua wanatibu nini.

Hoja yangu leo ni hii. Vitamini ina safari ndefu: hutoka shambani, hupita kinuni na jikoni, huingia tumboni, hupenya utumbo, husafiri na damu mpaka ndani ya seli inakohitajika. Inaweza kupotea katika kituo chochote cha safari hiyo. Mtu anaweza kushiba kila siku na bado mwili wake ukawa na njaa. Kinga na tiba vinategemea kujua vitamini imepotelea kituo gani, na asiyeuliza swali hilo atakuwa anabahatisha.

Vitamini 13 na akiba zake

Mwili wa binadamu unahitaji vitamini 13: A, C, D, E, K, na nane za kundi la B. Tunazihitaji kwa vipimo vidogo mno. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 za vitamini B12 kwa siku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini kikikosekana kwa muda mrefu, damu hupungua, miguu hufa ganzi, na kumbukumbu hupotea. Vitamini hazitupi nguvu kama wanga na mafuta. Zenyewe ndizo zinazowezesha mwili kukitumia chakula, kujenga damu, kuona gizani, kuimarisha mifupa na kupambana na maradhi.

Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta. Zile za kundi la B pamoja na C huyeyuka katika maji. Tofauti hii inaeleza mambo mengi, yakiwemo ya akiba. Thiamini, yaani vitamini B1, mwili huihifadhi kwa wiki mbili au tatu tu. Vitamini C ikikatika, kiseyeye huanza kuonekana baada ya mwezi mmoja hadi mitatu: fizi zinavuja damu, vidonda havifungi. Vitamini A hukaa kwenye ini kwa miezi kadhaa. B12 hukaa kwenye ini kwa miaka. Kwa hiyo mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu ya tumbo leo anaweza kuanza kuumwa kwa kukosa B12 baada ya miaka mitatu au minne, akiwa ameshasahau kabisa kwamba aliwahi kupasuliwa. Chanzo na dalili havikai jirani, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kukosea.

Kituo cha kinuni

Tuanze mahali ambapo upotevu ni mkubwa na tunaufanya kwa hiari yetu.

Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilituma madaktari kisiwani Java kutafuta chanzo cha beriberi, ugonjwa uliokuwa ukiwapooza miguu na kuwasimamisha moyo askari na wafungwa. Wote waliamini kwamba ni ugonjwa wa vijidudu. Mmoja wao, Christiaan Eijkman, alikuwa akifuga kuku kwa ajili ya majaribio. Kuku wake wakaanza kuyumba na kuanguka, miguu haina nguvu, mithili ya wagonjwa wake. Baadaye wakapona wenyewe. Alipofuatilia akagundua kwamba kwa muda fulani walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya jeshi; kisha akaja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku chakula cha jeshi, wakarudi kwenye mchele usiosafishwa. Kilichowaangusha na kuwainua kilikuwa kwenye wishwa.

Daktari mwingine, Adolphe Vorderman, akaenda kuangalia magereza ya Java. Palipoliwa mchele mweupe, mfungwa 1 kati ya 39 alipata beriberi. Palipoliwa mchele wenye ganda lake la ndani, alikuwa 1 kati ya 10,000. Wafungwa wote walishiba. Tofauti ilikuwa kinuni. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins.

Sasa tutazame unga wetu. Punje ya mahindi ina ganda nje, kiini kwenye ncha, na wanga mweupe katikati. Vitamini nyingi za kundi la B, mafuta na madini vimo kwenye ganda na kiini. Tunapokoboa ili tupate sembe, tunaondoa sehemu hizo na kuwapelekea kuku na ng'ombe pumba, kisha sisi tunabaki na wanga. Dona haikobolewi. Inaharibika haraka zaidi kwa sababu ya mafuta ya kiini, rangi yake si nyeupe sana, na katika nyumba nyingi inahesabiwa kuwa chakula cha shule ya bweni au cha mtu asiye na uwezo. Nasema bila kusita: weupe wa unga tunaununua kwa vitamini za watoto wetu.

Imo kwenye chakula, lakini mwili hauipati

Mahindi yanatufundisha jambo jingine, gumu zaidi. Hata ukila dona, kuna vitamini moja iliyomo ndani ya punje ambayo mwili hauwezi kuichukua ipasavyo. Ni niasini, yaani B3. Ndani ya mahindi niasini imeshikamana na vitu vingine kwa namna ambayo utumbo haufumbui. Tena mahindi yana upungufu wa triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili hukitumia kujitengenezea niasini yake. Kwa hiyo mtu anayekula mahindi pekee anafungiwa milango miwili kwa pamoja.

Watu wa Mexico na Amerika ya Kati, walioyalima mahindi kabla ya wengine wote, walikuwa na desturi ya kuyachemsha kwenye maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga. Desturi hiyo huifungua niasini. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya na kwetu Afrika, mbegu ilisafiri bila desturi. Mwaka 1735 daktari wa Hispania, Gaspar Casal, alieleza ugonjwa wa wakulima maskini wa jimbo la Asturias: ngozi inakuwa nyekundu, inabambuka pale inapopigwa na jua, shingoni inazunguka kama mkufu. Baadaye ugonjwa ukaitwa pelagra. Huharibu ngozi, huleta kuhara, huvuruga akili, na mwisho huua.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ilienea sana kusini mwa Marekani. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Joseph Goldberger kuchunguza. Alipotembelea vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili aliona jambo ambalo wengine walilipita: wakazi wanaugua, wahudumu hawaugui. Ugonjwa wa kuambukiza haubagui hivyo. Akaongeza maziwa, mayai, nyama na kunde kwenye milo ya yatima, ugonjwa ukaondoka. Mwaka 1915, katika shamba la gereza huko Mississippi, wafungwa 11 walijitolea kwa ahadi ya msamaha wale chakula cha kawaida cha maskini wa eneo lile, chenye unga wa mahindi na sharubati ya miwa kwa wingi. Ndani ya miezi michache 6 kati yao walipata dalili za pelagra. Bado wapinzani wake hawakuridhika. Goldberger, mkewe Mary na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa na kumeza magamba ya ngozi zao. Hakuna aliyeugua.

Kisha, pamoja na mchumi Edgar Sydenstricker, akaingia kwenye vijiji vya viwanda vya pamba vya South Carolina na kuhesabu mapato na chakula cha kila kaya. Walikuta kwamba pelagra hufuata kipato, na kwamba ilikuwa kali zaidi pale ambapo ardhi yote ililimwa pamba na hapakuwa na mboga, maziwa wala nyama ya kununua. Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa ndiyo tiba mwaka 1937, wakati Goldberger alikuwa amekwishafariki. Chanzo cha kijamii kilijulikana kabla ya chanzo cha kemia.

Msidhani haya ni mambo ya kale na ya mbali. Mwaka 1990, hapo jirani Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji zaidi ya 17,000 walipata pelagra. Mgao wao ulikuwa mahindi, na karanga ndizo zilizokuwa zikiwapatia niasini. Karanga zilipokatika, ugonjwa ukalipuka, na wanawake waliugua zaidi ya wanaume. Kambi ilikuwa na chakula. Ilikosa karanga.

Ndiyo maana namtetea bibi anayepika makande, na wenzetu wa Kenya wanaoyaita githeri. Maharage yakikutana na mahindi katika chungu kimoja, yanaleta triptofani ambayo mahindi hayana ya kutosha. Karanga iliyotwangwa ndani ya mboga hufanya kazi hiyohiyo. Wazee hawakujua jina la niasini, lakini chakula walichotuachia kinatulinda, mradi tusikiache kwa sababu tu kinachukua muda kuiva.

Kituo cha jikoni

Kituo hiki nitakipita haraka kidogo, kwa kuwa mambo yake yanarekebishika leo hii.

Vitamini C na foleti huharibiwa na moto, hewa na muda, na huyeyuka kwenye maji. Ukikata mchicha kisha ukauosha, vitamini inaondoka na maji ya kuoshea. Osha kwanza, kata baadaye, pika kwa maji machache, funika sufuria, na supu yake usiimwage. Mboga iliyokaa juani sokoni kutwa nzima imekwishapoteza sehemu ya thamani yake kabla haijafika nyumbani.

Lipo pia suala la magadi. Tunaweka magadi ili maharage yaive haraka na mlenda uteleze. Magadi huharibu thiamini na vitamini C. Ninajua kwamba mama anayenunua mkaa kwa kipimo hana raha ya kuchemsha maharage kwa saa tatu. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa kupika bila magadi, na maji hayalipiwi kama mkaa.

Kwa wenzetu wa mikoa yenye kiangazi kirefu, kama Dodoma, kukausha mboga ni hekima iliyowavusha watu katika miezi ya shida. Lakini jua kali linalopiga moja kwa moja huiunguza karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mboga ikikaushwa chini ya kivuli chenye upepo, au kwenye kaushio lililofunikwa, rangi hubaki, na rangi ikibaki karotini nayo imebaki kwa kiasi kizuri zaidi. Mawese mekundu ya Kigoma ni hazina kwa sababu hiyohiyo: wekundu wake ndio karotini. Yakisafishwa kiwandani mpaka yakawa na rangi ya maji, hazina imetolewa.

Kituo cha utumbo

Sasa chakula kimeshamezwa. Wengi hudhani kazi imekwisha.

Vitamini A, D, E na K haziwezi kupenya utumbo bila mafuta. Mtoto akipewa mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu, sehemu kubwa ya karotini itapita na kutoka. Mchicha uleule ukiungwa kwa nazi, karanga au kijiko cha mafuta, mwili utaipokea. Mboga za nazi za watu wa pwani ni utamu, na pia ni njia sahihi ya kuifikisha vitamini. Lakini tukumbuke kwamba mboga za majani hazilingani na ini, yai au dagaa: inahitajika takriban mikrogramu 12 za karotini ya chakula ili mwili upate mikrogramu 1 ya vitamini A iliyo tayari. Ndiyo maana kipande kidogo cha ini humfaa mtoto kuliko sahani kubwa ya majani.

Minyoo hushindana na mtoto kwa chakula chake na kuharibu ufyonzaji. Kuhara kwa mara kwa mara huchakaza ukuta wa utumbo. Hivyo choo safi na maji salama ni sehemu ya lishe. Nchini Tanzania, mwezi Juni na Desemba, watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A, na pamoja nayo wale waliotimiza mwaka hupewa dawa ya minyoo. Mambo hayo mawili huenda pamoja.

Mfano mkubwa kuliko yote wa chakula kuwepo na mwili usikipate ni B12. Imo kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na kwenye mimea haimo. Asiyekula kabisa vitu hivyo atapungukiwa. Lakini anayevila naye anaweza kupungukiwa, kwa sababu B12 inahitaji tindikali ya tumboni ili itoke kwenye protini, kisha inahitaji kibebaji maalumu kinachotengenezwa na ukuta wa tumbo, kisha inafyonzwa mwishoni kabisa mwa utumbo mwembamba. Mzee ambaye tumbo lake limepunguza tindikali, mtu ambaye kinga ya mwili wake inashambulia ukuta wa tumbo, aliyekatwa sehemu ya tumbo, anayetumia kwa miaka dawa za kupunguza tindikali: hawa wote wanaweza kula nyama kila siku na damu yao ikazidi kushuka. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo ale vizuri hakumsaidii. Anahitaji sindano, au vidonge vya kiwango kikubwa chini ya uangalizi wa daktari.

Mwili unapohitaji zaidi

Wakati mwingine hakuna kilichopotea njiani. Kilichobadilika ni mahitaji.

Mimba ndiyo mfano wa wazi. Mgongo na ubongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wanawake wengi hawajajua kwamba wamebeba mimba. Foleti ikiwa pungufu katika siku hizo, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Mwaka 1991 utafiti uliofanyika Uingereza na nchi nyingine, ukawahusisha wanawake waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo, ulionyesha kwamba asidi ya foliki kabla na mwanzoni mwa mimba huzuia takriban 7 kati ya kila matukio 10. Tunapompa mama vidonge akija kliniki mwezi wa nne, tunafanya jema kwa damu yake, lakini kwa mgongo wa mtoto tumechelewa. Kinga hiyo huanza kabla ya mimba, na ndiyo maana nchi kama Tanzania na Kenya zimeagiza unga wa viwandani uongezewe virutubishi.

Selimundu ni mfano mwingine. Seli za damu zinavunjika haraka, mwili unazijenga upya usiku na mchana, na foleti inatumika kwa kasi. Mtoto mwenye selimundu hupewa asidi ya foliki kwa sababu hiyo.

Na kuna surua. Maambukizi makali humaliza akiba ya vitamini A, humfanya mtoto asile, na huifanya sehemu ya vitamini hiyo itoke na mkojo. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo anaweza kuingia kwenye surua akiwa mzima wa macho na kutoka akiwa kipofu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaelekeza kila mtoto mwenye surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo. Nchini Indonesia, Alfred Sommer na wenzake walitoa mwaka 1986 matokeo ya jaribio la Aceh: watoto waliopewa vitamini A walikufa kwa takriban theluthi moja pungufu kuliko wasiopewa. Kabla ya hapo vitamini A ilihesabiwa kuwa dawa ya macho. Baada ya hapo ikajulikana kuwa ni ngao ya uhai.

Kwa mtoto mchanga, ni vitamini K. Haipiti vizuri kutoka kwa mama, imo kidogo kwenye maziwa, na bakteria wa utumbo wanaoitengeneza hawajajengeka. Sindano moja anapozaliwa humkinga na kuvuja damu kwenye ubongo. Mzazi asiikatae.

Dawa, pombe na jua

Dawa inayookoa maisha inaweza kuondoa vitamini. Isoniazidi ya kifua kikuu huingilia vitamini B6, ndiyo maana mgonjwa huongezewa piridoksini. Akiiacha piridoksini hiyo, nyayo zinaweza kuanza kuwaka moto. Metformini ya kisukari ikitumika kwa miaka hushusha B12. Ganzi ya miguu ya mgonjwa wa kisukari mara nyingi huhesabiwa kuwa ya sukari peke yake, kumbe wakati mwingine sehemu yake ni vitamini inayoweza kurejeshwa. Simwambii mtu aache dawa. Namwambia amuulize daktari wake kuhusu kipimo.

Pombe nyingi hufanya mambo matatu kwa pamoja: inachukua nafasi ya chakula, inazuia thiamini isifyonzwe, na inaliharibu ini linaloihifadhi. Mlevi anayeyumba siku ambayo hajanywa, macho yanacheza na maneno hayaeleweki, huenda ubongo wake unakufa kwa kukosa thiamini. Huyo anahitaji sindano ya haraka, na kucheka pembeni kunamchelewesha.

Vitamini D ina njia yake ya pekee: ngozi ndiyo inayoitengeneza kwa msaada wa jua. Tunaishi karibu na mstari wa Ikweta, na bado tunaona watoto wenye matege. Mtoto anayefungiwa chumba kimoja mchana kutwa wakati mama yuko kazini, katika nyumba zilizobanana kiasi kwamba jua halifiki uani, anaishi mbali na jua japo yuko Nairobi au Dar es Salaam. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo. Katika nchi za Ghuba, zenye jua kali, upungufu huu umeenea kwa sababu watu hukaa ndani kukimbia joto na hutoka wamejifunika. Na ndugu zetu waliohamia Uingereza wajue kwamba kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko halitoshi kutengeneza vitamini D kwenye ngozi ya mtu yeyote, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Serikali ya huko hushauri mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo.

Chanzo kilicho nyuma ya vyanzo

Goldberger alipomaliza kuhesabu alikuta umaskini wa mlo, na nyuma yake umaskini wa mfuko. Nasi tusiogope kusema hivyo. Familia inakula sembe na mchuzi mwepesi mara nyingi kwa sababu yai ni ghali, embe ni la msimu, na shamba lote limewekwa zao la biashara. Mtoto wa miezi minane anapewa uji mwepesi wa sembe mtupu kwa sababu mama yuko kibaruani tangu alfajiri. Tena ndani ya nyumba hiyohiyo chakula hakigawanywi sawa: ziko sehemu ambako mjamzito hukatazwa mayai, na ambako minofu huenda kwa wanaume huku yule mwenye mahitaji makubwa kuliko wote akibaki na mchuzi.

Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta ni jambo jema. Lakini unga mwingi wa vijijini husagwa kwenye mashine ndogo za mtaani ambazo kanuni hizo hazifiki. Mwenye mashine anapaswa kuwezeshwa kwa vifaa na virutubishi, si kutishiwa faini tu. Mkulima naye anaweza kuanzia mwanzo wa safari. Viazi lishe vyenye rangi ya chungwa vimethibitisha hivyo: mwaka 2016 watafiti Maria Andrade wa Cape Verde, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low wa Marekani, pamoja na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuingiza virutubishi ndani ya mazao yenyewe. Kiazi hicho hupandwa kwa marando ambayo jirani anaweza kumgawia jirani.

Na wale tunaoweza kununua vidonge tusidhani tumeokoka. Vitamini A ikizidi kwa mjamzito hudhuru kiumbe tumboni. Asidi ya foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa B12 wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Nchini Finland, katika utafiti uliotolewa mwaka 1994, wavuta sigara waliopewa vidonge vya karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Kidonge kinamfaa mtu ambaye chanzo cha upungufu wake kimejulikana.

Maswali sita

Ndugu zangu, naomba tuondoke hapa na mabadiliko ya namna tunavyouliza. Mtu akija kwetu amepauka, amechoka, haoni jioni, miguu inawaka au mtoto hakui, tusiishie kwenye swali la kama anakula. Tumuulize maswali sita. Anakula nini, na ni vitu vya aina ngapi kwa wiki? Nafaka yake inasagwaje na mboga yake inapikwaje? Tumbo na utumbo wake vina hali gani: kuhara, minyoo, upasuaji, umri? Mwili wake una mzigo gani wa ziada: mimba, kunyonyesha, selimundu, surua, kifua kikuu? Anatumia dawa gani, na anakunywa pombe kiasi gani? Anapata jua?

Maswali haya hayahitaji mashine wala umeme. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuyauliza akiwa amekaa kwenye mkeka uani kwa mgonjwa, na mzazi anaweza kujiuliza mwenyewe. Majibu yake yatatuonyesha kama tupeleke maharage, mafuta ya kuungia mboga, dawa ya minyoo, sindano ya B12 au mtoto uani penye jua. Pale ambapo jibu litakuwa kwamba familia haina uwezo wa kununua yai, tuliandike hivyo hivyo kwenye kumbukumbu zetu na kulipeleka kwenye vikao vya kijiji na halmashauri bajeti inapopangwa, maana huo nao ni ugunduzi wa kitabibu.